Mshenga wa samaki wa Matogoro

Saa nne na nusu asubuhi, katika sebule ya nyumba moja ya Matogoro mjini Songea, Esteria Kapinga ameushika mfuko wa nailoni kwa mikono miwili. Ndani ya mfuko kuna maji ya bahari, na ndani ya maji hayo yumo samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe. Samaki anahema haraka haraka.

Esteria haulizi safari ilikuwaje. Anachukua rula ya shule, anailaza juu ya mfuko, anahesabu kwa midomo bila sauti. Kisha anarudia kupima.

"Sentimita saba," anasema. "Tuliagiza wa sentimita nne."

Mzee Pankrasi Gama, mwenye nyumba, yuko kwenye kiti chenye mikono karibu na dirisha. Mkono wake wa kulia umelala juu ya paja, hauna kazi tangu alipopata kiharusi mwaka juzi. "Saba, nne, samaki ni samaki," anajibu. "Mtie ndani, Mama Tadei. Amechoka."

Esteria hamtii. Anautazama upande wa pili wa chumba, kwenye tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto. Mle ndani kuna samaki mwingine wa aina hiyo hiyo, jike, mnene, mwenye sentimita nane. Mzee humwita Kapteni. Kapteni amekwisha kuona kuna kitu. Amesimama usawa wa kioo, hatikisiki.

Mpaka kufika hapa, samaki huyu mgeni amesafiri saa ishirini na nane. Basi lililomleta kutoka Dar es Salaam lililala Njombe, na Agosti hii ya 1998 Njombe ina baridi ya kuumiza mifupa. Kondakta, kijana aitwaye Isidori, anasema aliuzungushia mfuko koti lake na chupa mbili za maji ya moto, akalala akitetemeka.

"Abiria waliniuliza nimebeba dawa gani ya thamani," ananisimulia Isidori akiwa bado mlangoni. "Nikawaambia nimebeba bwana harusi. Walicheka hadi Madaba."

Ndani ya nyumba hakuna anayecheka.

Esteria ana miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Mbinga, mjane, mama wa mtoto mmoja, Tadei, aliye kidato cha tatu. Kwa miaka kumi na minne alichambua majani ya tumbaku kiwandani, akiyapanga kwa rangi na unyevu. Mwaka 1994 wafanyakazi walipopunguzwa, jina lake lilikuwa katika orodha ya kwanza iliyobandikwa getini.

"Nilisoma mara tatu nikidhani ni Esteria mwingine," anasema.

Mwaka uliofuata alipata kazi za ndani kwa Mzee Pankrasi, aliyekuwa fundi wa mitambo melini kwa miaka ishirini na sita kabla ya kurudi kwao milimani. Mzee alirudi na masanduku mawili, redio, na tamaa ya kuiona bahari kila siku. Tangi alilijenga mwenyewe. Maji aliyaleta kwa madumu juu ya malori yaliyopeleka mahindi Dar na kurudi matupu.

Esteria aliajiriwa kupika na kufua. Lakini mkono wa Mzee ulipokufa, tangi likawa lake. Leo analipwa shilingi 28,000 kwa mwezi, na ndiye anayejua kiasi cha chumvi, joto la hita, na namna ya kusukuma hewa kwa pampu ya baiskeli umeme unapokatika.

Na umeme hukatika. Juni mwaka huu ulikatika siku mbili mfululizo. Esteria alikuwa Mbinga kumzika shangazi yake. Aliporudi alimkuta dume wa Kapteni akielea ubavu, na Mzee amekaa sakafuni, pampu ya baiskeli pembeni yake.

"Hakunijibu shikamoo," anakumbuka. "Aliniambia neno moja tu: 'Umeniulia.' Nikaingia jikoni nikawasha mkaa, maana ningefanya nini?"

Julai, Leonce, mtoto wa Mzee anayefanya kazi Dar, alituma dume wa pili. Siku hiyo Mzee hakungoja mtu. Aliufungua mfuko kwa meno na mkono wa kushoto, akammwaga mgeni moja kwa moja ndani ya tangi. Esteria alikuwa sokoni. Alipofika, Kapteni alikuwa akimalizia kazi. Zilikuwa zimepita dakika arobaini.

Huyu wa leo ni wa tatu, na Leonce ameandika barua fupi. Huyu akifa, hatatuma mwingine. Tangi litavunjwa, hita na pampu zitauzwa, na baba yake atahamia Dar. Barua hiyo haikumtaja Esteria, lakini yeye aliisoma akajikuta ndani yake.

"Nikaanzie wapi tena?" anauliza. "Kupika kila mtu anapika. Hii kazi ya samaki hapa Songea naijua mimi peke yangu."

Mzee anaeleza kwa nini ukubwa ni jambo zito. Samaki hawa, anasema, huzaliwa wote madume. Aliye mkubwa na mwenye nguvu hugeuka jike, akawa mtawala wa mahali pao. Dume mdogo akija akanyenyekea, hukubaliwa. Akija mwenye kimo kinachokaribia chake, jike humwona mpinzani.

Analijua hilo lote. Bado anataka mgeni aingizwe sasa.

Esteria anauweka mfuko uelee juu ya maji ili joto lilingane. Kila baada ya dakika kumi anaongeza kikombe kimoja cha maji ya tangi ndani ya mfuko. Inachukua zaidi ya saa moja. Mzee anatazama saa ya ukutani, anaguna, anatazama tena.

Kisha Esteria anafanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Anachukua kopo kubwa la peremende, la plastiki angavu, ambalo amelitoboa matundu mengi kwa msumari wa moto. Anaingiza mkono majini na wavu. Anayemkamata si mgeni. Ni Kapteni.

"Unafanya nini?" Mzee anainuka nusu. "Mama Tadei! Mwenye nyumba unamfunga, mgeni unampa sebule?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa akili gani?"

"Kwa akili niliyoipata Julai."

Mzee anarudi kwenye kiti taratibu, uso ameugeuzia dirishani. Maji yanamchuruzika Esteria hadi kwenye viwiko. Analining'iniza kopo ndani ya tangi, Kapteni akiwa ndani anapiga kichwa plastiki, tap, tap, tap. Halafu anaanza kuhamisha mawe. La kushoto analipeleka kulia. Pango alilozoea Kapteni analifunga, analifungua jingine. Mwisho anamwachia mgeni kutoka mfukoni.

"Mtu akirudi kwake akakuta vitanda vimehamishwa," ananieleza baadaye, "ataanza kutafuta pa kulala kabla ya kutafuta ugomvi. Ndiyo hesabu yangu. Inaweza kuwa si sahihi."

Siku tatu Kapteni anakaa koponi. Mgeni siku ya kwanza anajificha nyuma ya pampu. Siku ya pili anakula. Siku ya tatu anazunguka kopo, na Kapteni anamtazama kupitia matundu bila kupiga kichwa. Kwa siku hizo tatu, Mzee hazungumzi na Esteria isipokuwa kuomba chai.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Esteria anaegemeza ngazi ya mbao kwenye meza ya tangi, anapanda ngazi moja, wavu mkono wa kulia. Anafanya ishara ya msalaba. Analiinamisha kopo.

Kapteni anatoka polepole. Anakwenda lilipokuwa pango lake, halipo. Anazunguka. Anarudi. Ndipo anapomwona mgeni.

Anamwendea kama jiwe lililotupwa. Mgeni anakimbilia kona, anafuatwa, anapigwa ubavuni. Maji yanatibuka. Wanazunguka jiwe mara mbili, mara tatu, na kipande cha pezi, chembamba kama karatasi, kinaelea juu.

"Mtoe!" Mzee anapaza sauti. "Mtoe, nasema!"

"Bado, Mzee."

"Anamuua!"

"Bado!"

Wavu uko majini, kando ya kioo. Esteria hapepesi macho. Baadaye ataniambia kwamba alikuwa akisubiri kitu kimoja tu alichomwona yule dume wa zamani akikifanya kila asubuhi mbele ya Kapteni. Hakuna aliyemfundisha. Alikiona wakati akipiga deki.

Mgeni amebanwa konani. Hana pa kwenda. Kapteni anamjia kwa mara nyingine, na hapo mgeni anajilaza ubavu. Mwili wake wote unatetemeka, kuanzia kichwani hadi mkiani, kama aliyepigwa na homa.

Kapteni anasimama. Anamsogelea, anamgusa kwa mdomo. Mgeni anatetemeka tena. Kapteni anageuka na kwenda kukagua mawe yake mapya.

"Amekubali," anasema Esteria kwa sauti ya chini. "Yesu na Maria, amekubali."

Anashuka, anakaa sakafuni palepale kwenye maji, wavu mapajani. Halafu Mzee Pankrasi anaongea, akimtazama.

"Juni hukuwa wewe," anasema. "Nilishika ile pampu nikashindwa. Mkono ulikataa."

"Najua, Mzee."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningesema nini, na ulikuwa umekaa chini?"

Wiki mbili baadaye narudi Matogoro. Pezi la mgeni limeanza kuota. Halali pamoja na Kapteni, bali viganja viwili hivi kutoka kwake, na kila akikaribia sana anatetemeka kwanza. Esteria anasema hajaruhusu roho yake itulie. Jike anaweza kubadilika hata baada ya mwezi. Leonce amepigiwa simu. Habari za kuvunja tangi hazijatajwa tena.

Lakini Esteria hataki tena maisha yake yategemee barua ya mtu mwingine. Chini ya kitanda chake kuna vioo vitano vya kuundia tangi alivyokatiwa na fundi wa madirisha wa Bombambili, vimefungwa kwa magazeti. Oktoba anakusudia kwenda Mbamba Bay kununua samaki wadogo wa buluu wa Ziwa Nyasa, ambao wavuvi huwaita mbuna. Hao hawahitaji chumvi wala lori la kuleta maji. Nyumba mpya za wageni zinafunguliwa kila mwezi mjini, na mbili zimeshamwambia alete.

Namuuliza ataanza na wangapi.

"Kumi na wawili," anajibu. "Kumi nitauza. Wawili siuzi. Nitaweka kiti, nitakaa, niwatazame bila kuwa kazini."