Waya ya pasi na paka wa Rukanga

Leo nimejikamatisha mwenyewe kwa kosa la 1983.

Nilikuwa nafunga stereo nyumbani Voi, Baba ananitazama. Akauliza nani alinifunza kutengeneza waya za spika.

Nikajisahau. "Nilianzia na waya ya pasi yako."



Mwaka ule niliikata, nikaunganisha spika nayo. Kipande kilichobaki kwa pasi nikakitafuna ncha, ionekane ni panya aliyeikata. Jumapili Baba akaenda kanisani na shati limejikunja. Wiki hiyo akaleta paka kutoka Rukanga. Paka hakushika panya hata mmoja, akafukuzwa kwa uvivu.

Leo mzee ameniangalia weee, halafu akasema, "Kumbe yule paka nilimwonea."

Akaniletea mashati yake yote.

Napiga pasi hapa. Nyinyi mlimsingizia nani?