Mgeni Aliyetaka Saini Yangu

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwetu Kerende, mchana kweupe, na mama yangu yupo hai, muulizeni. Tena mimi si mtu wa kuona mauzauza. Kazi yangu ni kukagua msimbo wa kompyuta, na nisipojisifu nitakuwa mwongo: kosa likinipita mimi, ujue limenyata kweli kweli.

Niwaeleze kidogo. Kila kompyuta ina kiini, programu ya chini kabisa inayozungumza na prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Ikitoka prosesa ya aina mpya, lazima mtu aandike sehemu ya kiini ya kuiendesha, kisha sisi wakaguzi tuliotawanyika duniani tuisome mstari kwa mstari. Ukiridhika unaweka jina lako chini. Wengine wakiliona jina hilo hawasomi tena, wanapitisha tu.

Sasa ikaja prosesa moja ya bei poa, na kampuni moja ndogo ikataka kuitia kwenye kengele za hewa, vile vidude wachimbaji wadogo wanavyovaa kifuani wakishuka shimoni. Hewa ikiharibika kidude kinalia, unapanda juu. Kaka yangu Chacha anashuka shimo la dhahabu kila siku. Mnaelewa kwa nini msimbo ule niliusoma kwa jicho la mke mwenza?

Uliletwa kwa barua pepe na mtu aliyejiita Ndugu, basi, hakuna jina lingine. Ulikuwa msimbo mzuri, wa fundi hasa, isipokuwa mahali pamoja. Prosesa ikiitwa na jambo la dharura, huweka kando kila ilichoshika, hushughulikia dharura, halafu hurudi kuokota vyake. Ni kama mama anayesonga ugali akaitwa mlangoni: anaacha mwiko, akirudi anaushika tena. Msimbo ule ulirudi kuokota vyote vyake, ila kimoja uliokota cha zamani. Siku nyingi usingeona tofauti. Lakini siku moja kengele ingerudi kazini imeshika kipimo cha asubuhi, ingesema hewa ni nzuri, na Chacha angelala huko chini moja kwa moja.

Nikaukataa. Akautuma tena na kosa lile lile. Nikaukataa tena, nikamwandikia kwamba kwa kanuni zetu lazima alete jina lake kamili. Hakujibu. Alikuja.

Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha jiko na kompyuta yangu, mama anaanika ulezi kwenye turubai. Akaingia kijana mmoja, shati limenyooka, mikono mitupu. Niaminini, sijawahi kumwambia mtu yeyote wa kazini ninakoishi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Karibu. Wewe ni wa ukoo gani?"

Kwetu hilo si swali la polisi, ni salamu. Mtu hutaja ukoo wake hata kabla ya kuonyeshwa kiti. Yule akatabasamu tu. "Mama, mimi ni wa hapa hapa."

Mama akarudia kwa Kikurya. Naye akajibu kwa Kikurya kilichonyooka kuliko changu, jibu lile lile, wa hapa hapa. Mama akaacha ulezi, akaingia ndani, akafunga mlango. Mama yangu, ambaye hata mkusanya ushuru humpa maji!

Mgeni akakaa, akaitazama kompyuta. "Dada, umebakiza kuweka jina."

"Rekebisha kosa, nitaweka."

"Hakuna kosa."

"Lipo. Kaka yangu atavaa hicho kitu."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Niliogopa, sifichi. Lakini hasira ilinijia haraka kuliko woga. Nilimwambia amekuja bure, na mbele ya macho yake nikaukataa msimbo ule kwa mara ya mwisho, nikawaandikia wakaguzi wote duniani mstari wenye kosa na mtu ambaye ungemuua. Alisoma mpaka mwisho. Hakukasirika hata kidogo.

"Haya, dada. Nipe mkono, niende."

Jamani, mgeni anaaga, utamnyima mkono? Nikampa. Haukuwa wa baridi wala wa moto. Ilikuwa ni kama nimejishika mwenyewe. Kidole gumba chake kikazunguka juu ya changu polepole, kama mtu anayekuchukua alama za vidole. Kisha akatoka.

Mama akafungua mlango. "Umempa mkono?"

"Nimempa."

Akakaa chini palepale kwenye ulezi. "Mwanangu, nilipokuwa ndani nilisikia sauti moja tu. Yako. Ulikuwa unajiuliza na kujijibu."

Nikakimbilia kompyuta, ambayo huwa naifungua kwa kidole gumba. Ikanikataa. Nilipokwenda kusajili laini ya simu, kijana wa pale alifuta kioo cha mashine, akafuta kidole changu kwa shati lake, akakiinua kwenye mwanga. "Dada, hapa hamna kitu." Kweli, mpaka leo hamna. Ngozi imekuwa laini tu, haina hata mstari.

Chacha ni mzima. Msimbo wa kengele yake ulikuja kuandikwa upya na mtu mwenye jina, nikausoma mwenyewe. Hapo nilimshinda yule mgeni, na ninajivunia. Ila tangu siku ile jina langu linatokea chini ya misimbo ambayo sijaiona. Nikikana, wenzangu wananiambia hata utani ulioandikwa pembeni ya msimbo ni wangu. Basi naifuata mmoja mmoja, naisoma, naing'oa. Jina langu analo, lakini macho yangu hakuyapata.

Kinachoninyima usingizi ni kule shimoni. Kengele mpya zikija, vijana hawaulizi kama ni nzima. Wanauliza kama zimepitishwa na dada yake Chacha, wakiambiwa ndiyo, wanashuka.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayenisikiliza. Mgeni asiyetaja ukoo wake mpe maji, mpe kiti, mkono usimpe. Na ukikuta jina langu limewekwa chini ya kitu chochote, usishuke kwa kuliamini. Mtafute mtu akisome kwanza.