Kura Ishirini na Tatu za Mama Uzi

Mama Uzi, fundi wa kupunguza suruali na kubadilisha zipu, hakuwa mtu wa kupiga kura kwa kusikia. Kila mwaka maktaba ilipowaita wasomaji wachague kitabu bora, kila mmoja kwa namba ya kadi yake, yeye na kikundi chake cha Jumamosi walisoma vyote vitano kwanza. Aliyeruka hata kimoja alitaniwa mpaka akakoma.

Mwaka huu kimoja kilikuwa cha Mwalimu, mwenzao wa kikundi. Mama Uzi alikipenda kupita vingine, ila hakumwambia. Alitaka amalize cha tano, akapige kura kwa moyo mweupe. Mwalimu alipoomba daftari la kikundi, lenye majina na namba za kadi, ati awaalike wote nyumbani kwake, alimpa. Mtu mmejuana miaka kumi na miwili, utamuuliza nini?

Alhamisi akafunga kibanda mapema, akaenda maktaba.

"Mama, kadi yako imeshapiga," mkutubi akamwambia.

"Kura hiyo kapiga nani? Mimi ndiyo kwanza nafika."

Mkutubi akamgeuzia kompyuta. Kura ishirini na tatu, asubuhi moja, zote za kitabu cha Mwalimu, zimefuatana vilevile kama kwenye daftari. Ya tisa ilikuwa ya marehemu dada yake, ambaye Mama Uzi hakuwahi kupata moyo wa kumfuta daftarini.

Akampigia simu Mwalimu palepale.

"Dada, usikuze mambo," Mwalimu akasema. "Waandishi wenzangu nao wamepanga watu wao. Na wewe si ungenipigia tu?"

"Ningekupigia."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Akakata simu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye aliyeshinda maisha yake yote ndani ya nguo za watu hakukiona. Alijisikia mjinga, na ujinga ule ulimuuma kama msiba.

"Zifute zote," akamwambia mkutubi. "Wenzangu nitawaeleza mwenyewe."

Zikafutwa, akafunguliwa ukurasa mpya wa kura. Akalia kidogo, wala hakujificha. Angechagua kingine, nani angemlaumu? Lakini kitabu kilikuwa kizuri. Aliyeoza ni mwandishi. Akabonyeza cha Mwalimu kwa kidole chake mwenyewe.

Jioni Mwalimu alipiga simu mara tatu. Mama Uzi hakupokea, siku ile wala siku nyingine.