Mupira wa Tata Mukwe

Juzi nilikuwa mu duka moja ya Dilala, ninangojea petroli ya taa. Kijana akaingia na muke wake mwenye mimba, kutafuta mupira wa nyuma wa pikipiki yake kubwa. Muuzaji ni baba wa yule muke.

Akamutolea mukwe wake mupira mweusi unaong'aa. Binti akaupitisha kidole, kikatoka cheusi. Siraji, ile rangi ya kupakaa biatu! Chini yake mupira ulikuwa umeisha, mistari imechongwa na kisu.

Kijana aliona yote. Lakini nani anabishana na tata mukwe? Akainamisha macho, akapokea na mikono mbili: "Aksanti, tata. Ni muzuri."

Nikashika kichwa. "Ee muzee!" Nikasahau hata kumuita citoyen, vile serikali inatuamuru kuitana.

Binti akamuonyesha baba yake kile kidole. "Tata, nyuma ya hii pikipiki ni mi nitaikala. Na mujukuu wako."

Muzee akaangalia tumbo. Akarudisha ule mupira, akatoa mwingine chini ya meza, mupya kabisa.

Kumbe ulikuwepo! Bazazi wenzangu wenye mabinti, bakwe betu banainamisha macho juu ya heshima. Habainamishe ili tubauzie siraji.