Nywele za Ondina

Nasema wazi, na anayetaka kunicheka anicheke: nina wivu. Tena wivu wenyewe ni juu ya msusi!

Ondina aliletwa kwenye hospitali yetu ya vichaa hapa Trieste, Italia, mwaka 1958, ana miaka ishirini na mbili. Alikuwa amefiwa na mtoto, akalia miezi mitatu mfululizo. Mumewe akachoka, akatia sahihi afungiwe kwetu. Mimi ndiye nesi niliyempokea. Miaka kumi na tisa, kila Jumamosi, nilimchana nywele mimi. Mlango nilifunga mimi, ufunguo ulining'inia kiunoni mwangu, naye aliniita Sista. Nilimpenda, na hilo nisiambiwe na mtu.

Kisha madaktari wapya wakaamua hospitali ifungwe, wagonjwa wakaishi mjini kama watu wengine. Ondina akapata chumba ghorofa ya tatu, karibu na soko la samaki. Nikajipa moyo: atanihitaji tu, ataenda wapi?

Jumamosi ya kwanza nikabeba kichana changu na bakuli la supu ya maharage, nikapanda ngazi, nikasukuma mlango, nikaingia. Lo! Ondina kakaa dirishani, nywele zimekatwa fupi, na jirani yake Licia, msusi, anamalizia kisogo. Wanacheka, eti!

"Nani kakuharibu hivyo?" nikafoka. "Umekuwa kama kuku aliyenyeshewa!"

"Mama wee, macho huna," Licia akanijibu. "Mwenzio kapendeza."

Ondina akageuka. "Nives," akasema. Si Sista. Nives! "Toka nje, ugonge."

"Mimi?"

"Wewe. Hapa kwangu."

Nikatoka. Nikagonga, bakuli mkononi, uso unaniwaka.

"Nani?"

"Si unanijua!"

"Nani?"

"Ni Nives."

Nikangojeshwa. Mimi nilimngojesha mara ngapi, hata sikumbuki. Mlango ukafunguka kidogo, akapokea supu.

"Asante. Leo nina mgeni, njoo Jumatano. Na hicho kichana kiache kwako."

Nililia njia nzima, nikimlaani Licia na mkasi wake. Nikaapa siendi ng'o.

Jumatano nikaenda. Mlango ulikuwa haujafungwa, niliuona. Sikuusukuma. Nikagonga, nikataja jina langu, nikasimama pale ngazini, nikimwomba Mungu Ondina anifungulie.