Bendi ya Vyuma ya Shianda

Juzi nilikuwa napita Shianda nikielekea Butere, nikasikia fundi mmoja akigonga rimu ya trekta ili kutu ibanduke. Aligonga mara moja tu, na mimi huyo, nimesimama katikati ya soko na kikapu changu kama mtu aliyeitwa jina. Ukikulia pande zile miaka ya tisini, rafiki yangu, mtu hawezi kukuambia hizo ni kelele. Ule ulikuwa muziki, na mwenye muziki alikuwa mjomba wangu.

Nililelewa kwa kukhu, nyanya yangu mzaa mama, boma moja na mjomba huyo. Alikuwa fundi wa kuchomelea trela za miwa. Msimu wa kuvuna hewa yote ilinukia sukari iliyoungua, na sisi watoto tulitafuna miwa tangu asubuhi mpaka kukhu atuite kwa obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda. Matrekta yakichelewa mafundi hukaa bure, basi wakaanza kugongagonga vyuma vilivyolala pale kiwanjani: rimu, springi zilizokatika, mabomba, pipa la dizeli. Bendi ilizaliwa kwa kukosa kazi, nakwambia! Jirani yetu akaleta ngoma yake ya isukuti. Mwalimu wetu, aliyefundisha kwaya shuleni, akaja kuwafunza kuanza pamoja na kumaliza pamoja.

Mwanzoni vyuma vyao vililia juu juu, ting'iri ting'iri, hata akina mama wakawa wanacheza na karai za mahindi kichwani. Kila chuma kilichaguliwa na mjomba. Wiki nzima alikuwa kibarua wa kuitwa kwa mluzi. Jumamosi akishika nyundo zake alikuwa mtu, tena wa kuonewa wivu. Hakuwa na mke wala shamba la maana. Alikuwa na bendi, basi.

Halafu sauti ikaanza kushuka. Kila mwaka ilizidi kuwa nzito. Rimu ndogo zikatupwa nyuma ya jikoni, kuku wakatagia humo, zikaja rimu kubwa za nyuma za trekta na mabomba mazito ya kubebwa na watu wawili. Mjomba akasisitiza wapige juu ya trela popote wanapoitwa, na yeye awe pekupeku. Lo! Vijana wa Butere wakadhani ndio mtindo mpya, nao wakawa wanavua viatu kabla ya kucheza. Watu walisema bendi imekomaa, kwamba sasa muziki wake unakukamata kifuani.

Mimi nilijua kilichokuwa kikitendeka. Kukhu alikuwa anamwita kutoka jikoni, "Chai inapoa!" na mjomba haitiki. Miaka ya nyundo na mashine za kusaga chuma ilikuwa imemla masikio, ikianza na sauti nyembamba. Alikuwa anasikia kwa nyayo, mtetemo wa vyuma vizito ukimpanda kutoka mbao za trela. Nilipouliza, kukhu alinifinya mkono. "Usiseme popote. Wenzake wakijua watamtoa, na wakimtoa huyu mtoto wangu amekwisha." Nikafunga mdomo, na kila Jumamosi roho ilikuwa juu juu.

Kumbe wenzake walijua zamani! Nilianza kumwona jirani akigonga mbao za trela kwa kisigino kabla ya kila wimbo, macho kwa mjomba, asianze mpaka nyundo ziinuke. Mwalimu naye alinunua kinanda kizuri ajabu, lakini vidole vyake havikutoka upande wa kushoto, kwenye sauti nzito. Nilimcheka nikidhani ule upande mwingine hajajifunza.

Kisha wakaitwa harusini Mayoni, kwa familia moja ya Kiislamu. Pilau ilikuwa tele na watu walijaa uwanja. Katikati ya muziki baba wa bwana harusi akasogea kwenye trela. "Mwalimu, mashallah, kinanda chako ni kitamu. Piga hicho peke yake, hawa wa vyuma wapumzike. Nina jamaa wengi wanaoa mwaka huu, wote nitawaambia wakuite."

Mjomba alikuwa anatabasamu tu, hakusikia hata neno. Mwalimu akamtazama jirani. Jirani akasema, "Mzee, sisi tunakujanga pamoja na tunapiganga pamoja." Mwalimu akachomoa waya wa kinanda, akaokota kipande cha bomba na kuanza kugonga. Wageni wakahamia upande wa pili, mtu akawasha kaseti. Nililia pale pale, na sikujua ni uchungu au ni furaha.

Habari za Mayoni zilienea, na mialiko ikakauka. Watu walitaka disko. Kabla miaka ya tisini haijaisha, ile trela ilikuwa imerudia kubeba miwa tu. Mwalimu alihamia Lugari kulima mahindi. Jirani tumeshamzika.

Basi siku hiyo ya Shianda sikufika Butere. Nilinunua ingokho, kuku mmoja mnono, nikaenda kwa mjomba. Amezeeka, hasikii kabisa, na anaongea kwa sauti ya kupita kiasi. Tulipomaliza kula akaniambia, bila kuulizwa, "Unadhani sikujua? Pale Mayoni niliona macho ya mwalimu. Nilijua wanaambiwa nini. Kila Jumamosi nilingoja waniambie nitoke, na ningetoka bila maneno. Bendi ikafa na hakuna aliyeniambia. Wajinga wale! Wangenitoa wangefika mbali." Alicheka sana, kisha akajifuta macho kwa kiganja.

Bendi nzuri nazisikia mpaka leo, zina vyombo vya ajabu. Lakini iko wapi itakayokubali kufa kuliko kumshusha mwenzao? Nilitaka kumwambia mjomba hivyo, lakini ningemwambiaje? Nikamshika mkono, nikamfikiria jirani, ambaye alikwenda kaburini akiamini kwamba mjomba hajui walichokataa kwa ajili yake.