Albamu Iliyosubiri Jembe

Bendi ya mume wangu ilipiga roki Shinyanga enzi ambazo wengi mjini walidhani gitaa la umeme ni la rumba tu. Walivaa suruali za ngozi kwenye joto lile, wakatoka vipele, na vijana wakawapenda hivyo hivyo. Albamu zao za mwanzo zilikuwa za mbio. Ukiziweka huwezi hata kuchambua mchele ukatulia.

Kisha wakazeeka, wakatoa albamu ya mwisho, na hiyo ndiyo iliyowamaliza. Ilikuwa ya taratibu. Ngoma ilipiga, ikanyamaza kidogo, ikapiga tena, na watu waliokuja ukumbini kuruka wakabaki wamesimama na soda zao. Wakaiita dawa ya usingizi. Mume wangu, mpigaji wa besi, akalitia gitaa kwenye begi na kulisukuma nyuma ya kabati. Mimi nilibisha tangu siku ya kwanza. Nilisema hiyo ndiyo albamu yao bora, mle ndimo besi yake inamosikika bila kufukuzana na mtu. Alijibu kwamba mke hawezi kuwa shahidi. Nilinuna, nikaendelea kuisikiliza nikipika.

Mwaka huu mvua zilipoanza, aliamua kuwapa gitaa wanakwaya wa kigango cha dada yake, kule Masumbwe. "Wao watalitumia," alisema. Kisha akalifuta vumbi kwa shati lake jeupe la Jumapili, nikajua linamuuma. Iliniuma na mimi.

Tulimkuta wifi amechanganyikiwa. Alikuwa amewaita bagobogobo, wale wanaolima kwa pamoja wakifuata ngoma, waje wamlimie shamba la mahindi. Walikuja wote na majembe yao, isipokuwa mpiga ngoma. Huyo alikuwa amesikia kuna duara, shimo la wachimbaji, limetema dhahabu huko porini, akaondoka bila kuaga. Wenzake wakajaribu kulima bila ngoma. Huyu anainua, yule anashusha, mstari ukapinda, na wepesi wakaanza kuwasema wazito.

Spika ya kwaya ilikuwa imehifadhiwa kwa wifi. Sikuomba ruhusa ya mtu. Niliiunganisha na simu yangu, nikaweka ile albamu.

Mume wangu alinikazia macho. "Mama, usinitie aibu mbele za watu."

Ngoma ikapiga, majembe yakashuka. Ikanyamaza, majembe yakapanda. Ule ukimya uliowaudhi watu ukumbini ulitosha kabisa mtu kuinua jembe na kuvuta pumzi. Mstari ukanyooka. Wimbo wa pili ulipoingia, vijana walikuwa wanarusha majembe hewani na kuyadaka kwa madaha, kama wafanyavyo wakinogewa.

Kiongozi wao, mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, aliniuliza bila kusimama, "Hawa ni watu wa wapi?"

"Wa Shinyanga mjini," nikamjibu.

"Basi mpiga ngoma wao amelima huyo. Si bure."

Nilimtazama mume wangu. Mpiga ngoma wao, ambaye ni marehemu sasa, alikulia vijiji vya huku huku.

"Ni yeye aliyetuambia tupunguze mwendo," alisema polepole. "Sisi tulidhani amechoka."

Tulipofika wimbo wa nne, spika ikaisha chaji. Majembe yakabaki juu. Na mume wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akaingia shambani na viatu vyake vya safari, akaanza kuimba besi yake kwa mdomo, dum, dum, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu enzi za suruali za ngozi. Majembe yakashuka naye. Nilicheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko.

"Wabeja, baba," yule mama alimshukuru kwa Kisukuma walipofika mwisho wa shamba.

Jioni wanakwaya walikuja kuchukua gitaa. Aliwaambia wachague mmoja wao aje kwetu Ngokolo, kule mjini, atamfundisha besi mpaka aive, lakini gitaa lenyewe halitoki. Wifi akamwambia kaka yake kwamba uzeeni amekuwa mchoyo. Yeye akalirudisha gitaa kwenye begi.

Kwenye basi la kurudi alilipakata gitaa njia nzima. Tulipokaribia mjini aliniuliza, kwa mara ya kwanza tangu albamu ile itoke, ni wimbo upi naupenda zaidi. Nilimwambia asubiri nifikirie. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ile ya kwanza, ila nilitaka aniulize tena.